Fuko wa Kenya katika maabara za dunia: nani ananufaika?

Mwezi Oktoba 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tongji mjini Shanghai, China, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kuhusu protini iitwayo cGAS. Katika seli za binadamu na za panya wa kawaida, protini hiyo hukwamisha mojawapo ya njia ambazo seli hutumia kurekebisha vinasaba vilivyokatika. Lakini kuna mnyama mmoja mdogo ambaye kwake tofauti ya asidi amino nne tu imeigeuza protini hiyo hiyo kuwa msaidizi wa ukarabati. Watafiti walipoihamishia protini ya mnyama huyo katika miili ya nzi, nzi hao waliishi muda mrefu zaidi. Walipoihamishia katika panya wazee, dalili za udhaifu wa uzee zilipungua.

Mnyama huyo ni fuko uchi, yaani fuko asiye na manyoya. Hapatikani China, wala Ulaya, wala Marekani. Makao yake ya asili ni ardhi kame ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ambako huishi chini ya udongo mgumu, hula viazi na mizizi ya mimea pori, na mara chache sana hutoka nje kuona jua. Wakulima wa maeneo hayo humfahamu zaidi kama mharibifu wa mazao ya mizizi. Wanasayansi wa dunia, kwa upande wao, humfahamu kama mmoja wa wanyama wenye thamani kubwa katika utafiti wa uzee, saratani, maumivu na ubongo.

Swali linalohitaji kujibiwa katika ukanda wetu si la kisayansi peke yake. Je, nchi ambako mnyama huyu alitoka zinapata nini kutokana na ujuzi unaochimbwa katika mwili wake? Na kwa kuwa sheria za majaribio ya wanyama zinabadilika kwa kasi katika nchi tajiri, je, nafasi ya kudai sehemu katika ujuzi huo inapanuka au inafifia?

Kutoka Mtito Andei hadi Berlin na Chicago

Fuko uchi aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 1842 na Mjerumani Eduard Rüppell, kutokana na mnyama aliyepatikana Ethiopia. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, hakuna aliyemjali sana. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1960, wakati mtafiti Jennifer Jarvis alipoanza kuwachunguza fuko hawa nchini Kenya. Alikamata makundi yao katika maeneo kama Mtito Andei, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na baadaye akaendelea na kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini.

Mwaka 1981, Jarvis alichapisha ugunduzi uliowashangaza wataalamu wa wanyama. Fuko uchi huishi kama nyuki au mchwa. Katika kundi zima, ambalo laweza kuwa na makumi ya wanyama, malkia mmoja tu ndiye azaaye, akisaidiwa na madume wachache. Wengine wote ni wafanyakazi: huchimba njia, hutafuta chakula, hulea watoto na hulinda makao.

Makundi yaliyokamatwa Kenya yalipelekwa katika maabara za nje, yakazaliana huko, na vizazi vyao vikasambazwa kutoka chuo kimoja hadi kingine. Wengi wa fuko wanaofanyiwa utafiti hivi leo huko Berlin, Chicago, Rochester au Cambridge walizaliwa maabarani, na wazazi wao vilevile walizaliwa maabarani. Hawajapata kuigusa ardhi ya Kenya, ingawa damu yao ni ya huko.

Ni nini kinachotafutwa ndani ya mwili wake?

Thamani ya mnyama huyu inaeleweka tukitazama nyanja mbili: sayansi ya neva na ubongo, na sayansi ya seli.

Katika nyanja ya neva, watafiti wakiongozwa na Thomas Park wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, pamoja na Gary Lewin wa Kituo cha Max Delbrück mjini Berlin, walionyesha mwaka 2008 kwamba ngozi ya fuko uchi haihisi mchomo wa asidi wala ukali wa kiini cha pilipili. Mwaka 2011, kundi la Berlin lilieleza sehemu ya sababu yake: mlango mmoja katika seli za neva, ambao kwa wanyama wengine hupitisha taarifa ya maumivu, kwa fuko hufungwa na asidi ile ile ambayo ingepaswa kuleta maumivu. Inaaminika kwamba tabia hiyo ilitokana na maisha ya kubanana chini ya ardhi, mahali ambapo hewa chafu hujilimbikiza na kuleta asidi mwilini.

Mwaka 2017, watafiti hao walichapisha jambo la kushangaza zaidi. Fuko uchi alistahimili dakika 18 bila oksijeni kabisa, kisha akapata fahamu bila madhara yaliyoonekana. Panya wa kawaida katika hali hiyo hufa baada ya muda mfupi tu. Siri yake ni kwamba oksijeni inapokosekana, ubongo na moyo wa fuko hubadili nishati na kuanza kutumia sukari ya fruktosi, kwa njia isiyohitaji oksijeni. Kwa mgonjwa wa kiharusi au wa mshtuko wa moyo, ambaye sehemu ya ubongo au moyo wake inakufa kwa kukosa damu na oksijeni, si vigumu kuona kwa nini ugunduzi huo ulipewa uzito mkubwa.

Katika nyanja ya seli, fuko uchi huishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya mwenye umbo linalokaribiana na lake huishi miaka mitatu au minne. Saratani humpata kwa nadra sana. Mwaka 2013, Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba seli zake hutengeneza kwa wingi ute mzito unaozuia seli kusongamana na kugeuka uvimbe. Mwaka 2023, watafiti hao walipandikiza kinasaba kinachohusika na ute huo katika panya wa kawaida, na wastani wa umri wa panya hao uliongezeka kwa asilimia 4.4. Ongezeko hilo ni dogo, lakini lilithibitisha kwamba faida iliyo katika mwili wa mnyama mmoja yaweza kuhamishiwa katika mwili wa mwingine.

Kampuni za kibiashara nazo hazikubaki nyuma. Calico, kampuni ya utafiti wa uzee iliyo chini ya Alphabet, mmiliki wa Google, ilichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa kumbukumbu za maisha ya zaidi ya fuko 3,000, ikionyesha kwamba hatari ya kufa kwa mnyama huyu haiongezeki na umri kama ilivyo kwa binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao.

Sheria isiyotazama nyuma

Mwaka 2010, mataifa yalikubaliana juu ya Itifaki ya Nagoya, iliyo chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bioanuwai. Itifaki hiyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inasema kwamba anayetaka kutumia mali ya kijenetiki ya nchi nyingine lazima kwanza apate idhini ya nchi hiyo, na wakubaliane jinsi faida itakavyogawanywa. Kenya, Uganda, Rwanda na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zilizojiunga.

Kwa karatasi, hiyo ni ngao imara. Lakini katika suala la fuko uchi ina matundu matatu.

La kwanza ni wakati. Kwa tafsiri iliyoenea, itifaki haitazami nyuma. Wanyama walioondoka Kenya miongo kadhaa kabla ya mwaka 2014 hawahesabiwi, na vizazi vyao vilivyozaliwa ughaibuni vinachukuliwa kuwa mali ya maabara zilizovilea.

La pili ni uanachama. Marekani, ambako sehemu kubwa ya utafiti huu hufanyika, ilitia saini Mkataba wa Bioanuwai mwaka 1993 lakini haikuuridhia hadi leo. Kwa hiyo haifungwi na mkataba huo wala na itifaki yake.

La tatu, na huenda ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba mnyama mwenyewe ameanza kutohitajika. Ramani kamili ya vinasaba vya fuko uchi ilichapishwa mwaka 2011 na inapatikana katika hazina za kidijitali zilizo wazi kwa kila mtu. Mwaka 2016, watafiti wa Japani walifanikiwa kuzirudisha seli za mnyama huyu katika hali ya seli shina, ambazo zaweza kukuzwa maabarani na kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine. Mtafiti mwenye kompyuta anaweza kusoma kinasaba cha fuko, akaagiza nakala yake itengenezwe kiwandani, na akaifanyia majaribio bila kumgusa fuko hata mmoja.

Wanyama wanapopungua maabarani

Hapo ndipo mabadiliko ya sera katika nchi tajiri yanapohusiana na suala letu. Mwezi Aprili 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mpango wa kuondoa hatua kwa hatua sharti la kuzijaribu kwa wanyama dawa za kingamwili na nyinginezo. Mwezi Novemba mwaka huo huo, serikali ya Uingereza ilitoa mkakati wake wa kupunguza majaribio ya wanyama na kuweka mahali pake seli za binadamu zilizokuzwa, viungo vidogo vya maabara na mifumo ya kompyuta.

Mwelekeo huo una sababu za haki. Tangu mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipoweka kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama katika utafiti, wanasayansi wengi wamekubali kwamba mnyama asiteswe pale ambapo njia nyingine ipo. Majaribio ya maumivu, hata kwa mnyama asiyehisi pilipili, yanadai sababu nzito. Mtu mwenye huruma hawezi kulalamika ikiwa vizimba vinapungua.

Hata hivyo, kuna upande mwingine ambao hauzungumzwi sana. Mnyama aliye hai ana asili inayoonekana: alikamatwa mahali fulani, kwa kibali fulani, akasafirishwa kwa ndege fulani. Kinasaba kilichoandikwa kwa herufi katika kompyuta hakionyeshi jasho la aliyechimba wala jina la kijiji. Kadiri utafiti unavyohama kutoka kwa mnyama kwenda kwa seli, na kutoka kwa seli kwenda kwa taarifa, ndivyo nchi ya asili inavyozidi kusahaulika. Ubinadamu kwa wanyama waweza, bila mtu kukusudia, kufuta dai la watu ambao wanyama hao walitoka katika ardhi yao.

Jumuiya ya kimataifa imeliona tatizo hilo. Katika mkutano wa bioanuwai wa COP16 uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko ambao kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa za vinasaba za kidijitali zitachangia. Mfuko huo wa Cali ulizinduliwa mjini Rome Februari 2025. Kiwango kilichopendekezwa ni asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha inakusudiwa kuwafikia watu wa asili na jamii za wenyeji. Udhaifu wake unajulikana: mchango ni wa hiari. Mkutano unaofuata, COP17, umepangwa kufanyika Yerevan, Armenia, Oktoba 2026, na suala la nani amelipa na nani amekwepa halitaweza kuepukwa.

Hoja ya upande wa pili

Uadilifu unatutaka tuwasikilize pia wanasayansi wa nje. Wanasema kwamba hadi leo hakuna dawa iliyoko sokoni iliyotokana na fuko uchi, hivyo hakuna faida ya kugawana. Wanaongeza kuwa wao ndio waliogharamia miaka arobaini ya kuwalea wanyama hao, kuwalisha, kuwatunza kwa joto linalofaa na kuwasoma, wakati hakuna aliyeona thamani yao. Aidha, wanaonya kwamba vibali vingi na vya polepole huwaumiza hata watafiti wa Kiafrika wenyewe.

Hoja hizo zina uzito, hasa ya mwisho. Lakini ya kwanza inahesabu faida kwa fedha ya dawa peke yake. Utafiti huzaa vitu vingine kabla ya dawa: shahada za uzamivu, vifaa vya maabara, makala katika majarida makubwa, ruzuku na sifa. Hivyo vyote vimekwisha kupatikana, na vimepatikana kwa wingi Berlin na Rochester kuliko Nairobi au Addis Ababa. Kusubiri hadi dawa ifike sokoni ndipo mazungumzo yaanze ni kusubiri hadi mlango umefungwa.

Njia mbili ambazo Kenya imekwisha kuzijaribu

Kenya ina mifano miwili ya kujifunzia. Wa kwanza ni wa Ziwa Bogoria. Mwaka 1992 wanasayansi wa Uingereza walichukua vijidudu vinavyoishi katika maji ya magadi, na baadaye vimeng'enya vyao vikatumika viwandani, ikiwemo katika kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika hadharani kwamba sampuli zilitumika kibiashara bila ridhaa yake. Mvutano huo haukuzaa utajiri, lakini mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Denmark ya Novozymes kuhusu utafutaji wa vijidudu vingine nchini humo, ukiwa na vipengele vya malipo, mafunzo na teknolojia. Somo lake ni kwamba dai lililochelewa hudai nguvu nyingi, ila si bure.

Mfano wa pili ni wa mnyama mwingine mdogo, panya-miiba, anayeishi katika vilima vya mawe vya Laikipia. Panya huyu akikamatwa na adui huacha kipande kikubwa cha ngozi, hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha huiotesha upya pamoja na vinyweleo bila kuacha kovu. Ugunduzi huo ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2012. Jina la pili katika orodha ya waandishi, baada ya Mmarekani Ashley Seifert, ni la Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Naibu Chansela wa chuo hicho. Wanyama walikamatwa na kuchunguzwa Kenya, na mwanasayansi wa Kenya alishiriki tangu mwanzo.

Hivi leo jamii ya panya-miiba inachunguzwa katika maabara nyingi duniani. Mwaka 2022, kundi la Porto, Ureno, lilionyesha kwamba panya-miiba aliyekatwa uti wa mgongo aliweza kurejesha sehemu ya uwezo wa kutembea. Kwa watu waliopooza baada ya ajali za barabarani, ambazo katika ukanda wetu si jambo geni, hilo ni tumaini la mbali lakini la kweli. Tofauti na fuko, jina la Kenya limo katika historia ya ugunduzi wa msingi wa mnyama huyu, na haliwezi kufutika.

Kwa nini jambo hili linaihusu Uganda

Msomaji wa Uganda anaweza kusema kwamba fuko uchi si wetu. Ni kweli. Lakini Uganda ina kumbukumbu yake. Mwezi Agosti 1967, wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati huo, waliugua homa kali ya kutoka damu. Watu 31 waliambukizwa na 7 wakafa. Chanzo kilikuwa tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda, ambao figo zao zilitumika kukuza seli, ikiwemo kwa ajili ya chanjo ya polio. Kirusi kilichogunduliwa kilipewa jina la mji wa Ujerumani. Uganda ilibaki katika maelezo kama mahali ambapo shehena ilitoka.

Tumbili wale walikuwa bidhaa: waliuzwa kwa idadi, si kwa elimu. Ujuzi wa kirusi hicho ulijengwa nje, na miongo kadhaa baadaye, Marburg ilipozuka Rwanda mwaka 2024 na Kagera nchini Tanzania mwaka 2025, nchi za ukanda bado zilitegemea chanjo na dawa za majaribio zilizotengenezwa ng'ambo. Nchi inayotoa mnyama bila kujenga maabara yake hurudi baadaye kuomba ujuzi ambao mnyama wake aliuzalisha.

Sheria zipo. Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu mali ya kijenetiki na mgawanyo wa faida, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kenya ina kanuni za mwaka 2006. Kinachohitajika ni kuzitumia kwa kipimo kinachofaa: kibali kitolewe haraka, lakini kiwe na masharti ya wazi. Mwanafunzi wa hapa asomeshwe, mwandishi mwenza wa hapa atajwe, sampuli ibaki na nakala yake hapa, na taarifa za vinasaba zinapowekwa katika hazina za dunia ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Masharti ya aina hii hayangoji dawa ipatikane, wala hayategemei hiari ya kampuni.

Kenya inayo Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Louis Leakey mwaka 1960. Maana yake ni kwamba msingi upo, na utaalamu wa kuwatunza wanyama wa utafiti kwa kanuni za huruma upo katika ukanda wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiamua kuwa na msimamo mmoja kabla ya Yerevan, sauti yake itasikika zaidi kuliko ya nchi moja moja.

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Fuko wa Mtito Andei waliondoka wakati ambapo hakuna aliyeuliza waendako, na pengine hawatarudi. Lakini katika ardhi yetu kuna wanyama, mimea na vijidudu vingi ambavyo bado havijasomwa. Ikiwa tutakuwapo siku vitakaposomwa, hilo linategemea maamuzi ya wizara, vyuo na mabunge yetu leo.